Fremu 30 za konsoli au mikwamo ya kompyuta?

Anayecheza kwenye konsoli, yaani mashine maalumu ya gemu, kama PlayStation 4 ameshazoea fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Kila picha inakaa kwenye skrini milisekunde 33 hivi. Kwa fremu 60 ni 16 na ushee. Kwenye gemu la magari, tofauti hiyo unaihisi kidoleni kabla hujaiona kwa macho. Gemu la Bloodborne la 2015 lilifungiwa fremu 30, na kulihamishia PlayStation 5 hakukulipandisha.

Kompyuta inakupa uhuru: unapunguza vivuli, unashusha ukali wa picha, fremu zinapanda. Lakini ina ugonjwa wake, nao ndio unaoniudhi zaidi. Konsoli za toleo moja zina chipu ileile, hivyo sheda, yaani programu ndogo za kuchora mwanga na rangi, huja zikiwa tayari. Kompyuta zina kadi za picha za kila namna, kwa hiyo sheda huandaliwa kwenye mashine yako, mara nyingine katikati ya pambano. Kaunta ya fremu inasoma 90, ghafla picha inaganda, ikizinduka umeshauawa. Gemu la Elden Ring lilipotoka Februari 2022, wachezaji wa kompyuta walilalamikia sana mikwamo, tena lenyewe lilikuwa na kikomo cha fremu 60!

Laptopu nayo ikipata joto hujipunguzia kasi, huku feni ikiunguruma kama mashine ya kusaga.

Mwenye subira ya kuchokonoa mipangilio achukue kompyuta. Mimi nikitoka kazini nimechoka, nipe 30 zilizotulia kuliko 90 za kigeugeu.