Fenway Park: nilikaa nyuma ya nguzo, na bado nasema timu isihame

Jumamosi nilimpeleka mjomba wangu Fenway Park, uwanja wa Boston Red Sox, timu ya besiboli ya Marekani. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tulipanda treni kutoka mji wa Lowell hadi North Station jijini Boston, tukaingia treni ya mjini, laini ya kijani, mpaka Kenmore, kisha tukatembea dakika chache tu tukivuka daraja lililo juu ya barabara kuu. Kabla hujaona lango, unapokewa na moshi wa soseji na vitunguu kutoka mtaa wa Lansdowne. Mjomba akakumbuka alivyokuwa akitoka kwao Kaloleni kwa miguu kwenda City Stadium kuwaona Gor Mahia.

Tiketi zetu zilikuwa za viti vya mbao vya buluu vilivyo chini ya paa, na ziliandikwa wazi kwamba nguzo itazuia sehemu ya uwanja. Nilizichukua nikijua hivyo, maana zilikuwa nafuu. Viti ni vyembamba, magoti yanagusa kiti cha mbele, na mrushaji wa mpira akijiandaa mnainama kushoto safu nzima kumwona. Mjomba alivumilia awamu tatu (kila awamu, kila timu hupata zamu ya kupiga), halafu akasema, "Mwanangu, uwanja wa umri huu ungebomolewa, ujengwe mwingine watu wakae kama watu."

Hoja yake haikuwa ngeni. Mwaka 1999 wenye timu walitangaza mpango wa kujenga uwanja mpya pembeni, wenye viti takriban 44,000, na ndani yake nakala ya ukuta maarufu wa kijani, Green Monster. Sehemu kubwa ya uwanja wa zamani ingebomolewa. Wakazi na mashabiki walipinga, na mwaka 2002 mfanyabiashara John Henry na wenzake walipoinunua timu, wakaamua kuukarabati uliopo. Mwaka 2003 wakaweka viti juu ya ukuta wenyewe, na 2004 timu ikatwaa ubingwa iliokuwa ikiusubiri kwa miaka 86.

Huo ukuta ndio ulionifanya nishike msimamo. Una urefu wa kwenda juu wa zaidi ya mita 11, na uko pale kwa sababu mtaa wa Lansdowne unapita nyuma yake. Upande ule ardhi iliishia hapo. Basi mpira ambao kwingine ungedakwa kirahisi, hapa unagonga ukuta kwa kishindo kikavu na kurudi uwanjani, na mlinzi wa kushoto lazima ajue utadunda vipi. Chini yake kuna ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mkono na watu walio ndani ya ukuta. Niliukazia macho mwisho wa awamu ya tano: tundu moja jeusi, tupu, kisha bamba la namba 2 likasukumwa taratibu hadi likajaa mahali pake. Ukijenga nakala ya ukuta huu pahali penye nafasi ya kutosha, umejenga pambo.

Kabla ya mchezo tulipanda pia kuona kiti kimoja chekundu katikati ya viti vya kijani, upande wa kulia: sehemu ya 42, safu ya 37, kiti cha 21. Hapo ndipo ulipotua mpira uliopigwa na Ted Williams, nyota wa Red Sox, mwaka 1946, zaidi ya mita 150 kutoka alipoupigia, ukamgonga mtazamaji kwenye kofia. Mjomba alikishika kwa mikono miwili, akageuka kuangalia kule chini ulikotoka. Alinyamaza kitambo.

Fenway ulifunguliwa tarehe 20 Aprili 1912. Siku hiyo hiyo ulifunguliwa uwanja wa timu ya besiboli ya Detroit, uliokuja kuitwa Tiger Stadium. Kwa umri ni pacha kabisa. Detroit walihama baada ya msimu wa 1999, na ule wa zamani ukavunjwa miaka kama kumi baadaye. Kwa haki, wao walibaki mjini. Timu ya Atlanta ndio walioniuma zaidi: mwaka 2017 walihamia kaunti ya Cobb, nje ya jiji, wakiacha uwanja walioutumia miaka 20 tu. Kama Fenway ungehamishwa hivyo, mzee asiyeendesha gari kama mjomba angefikaje?

Mjomba hajakubaliana nami. Ndani ya treni bado alikuwa akikanda magoti. Kwa hiyo ukija na mzee, lipa zaidi kidogo upate kiti cha mwanzo wa safu, anyooshe miguu njiani, na uchague upande wa kituo cha kwanza cha wakimbiaji uwanjani ili ukuta uwe mbele yenu. Angalieni pia saa ya treni ya mwisho ya Lowell kabla hamjaingia, kwa sababu mchezo huu hauna dakika tisini.