Boksi la rangi za spiriti: nilivyolitumia chini ya maji, Bukavu

Nimewapaka maharusi hapa Bukavu kwa miaka 9, na niliamini ninajua mekapu isiyotoka ni ipi. Harusi zetu zina machozi, zina jasho la kucheza, zina mvua inayoshuka milimani kabla msafara haujafika ukumbini. Fandesheni ikipita hapo bila kuchirizika, unaiheshimu. Kisha kaka mmoja mpiga picha akaniletea kazi: magauni sita ya mshonaji wa Kadutu, yapigwe picha ndani ya bwawa la kuogelea, mwanamitindo akiwa amezama na macho wazi. Mwanamitindo mwenyewe ni mtoto wa dada yangu. Amekulia Nguba, ziwa liko chini ya nyumba yao, kwa hiyo kuzama hakumtishi.

Kwa kazi hiyo nilinunua boksi la rangi za spiriti. Lina vidonge 12 vya rangi kavu, vigumu, ambavyo ukivigusa kwa brashi yenye maji havikupi kitu. Unalowesha brashi kwa spiriti, rangi inalainika, unapaka, spiriti inaruka hewani na rangi inabaki imeshika ngozi. Watu wa sinema huzitumia kuchora tatoo na majeraha ya uongo. Jina maarufu la aina hii ni Skin Illustrator. Langu ni la kampuni nyingine, nililiagiza kwa mtu aliyekuwa akirudi kutoka Nairobi, dola 65. Kwa mfuko wangu hizo ni fedha nyingi.

Sikwenda bwawani moja kwa moja. Nilimkalisha binti nyumbani, nusu ya uso nikampaka fandesheni yangu ya kila siku, ile inayoandikwa haiingii maji, nusu nyingine rangi za spiriti. Akainamisha uso kwenye beseni, akatoka, akarudia. Kwa dakika kumi za kwanza sikuona tofauti, na nilianza kuzisikitikia dola zangu. Tofauti ilikuja alipojipangusa. Mtu akiibuka majini, mkono wake hupanda wenyewe na kufuta uso kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Hata ukimkataza, atafanya. Fandesheni ya kawaida huvumilia maji lakini haivumilii kiganja: ilivuka yote na kubaki kwenye taulo. Upande wa spiriti haukutikisika. Hata hivyo nilimfundisha kubonyeza uso kwa taulo laini badala ya kufuta, maana kope za bandia hazina ushujaa huo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa spiriti. Nilichukua ile ya duka la dawa, ya kusafishia vidonda, ya asilimia 70. Iliyobaki ni maji, na maji ndiyo rangi hizi zinayoyakataa. Ikatoka michirizi, ikawa kama ukuta uliopakwa chokaa kwa haraka. Tafuteni ya asilimia 99. Na ngozi iwe kavu kabisa: sabuni, maji, taulo, basi. Binti alilalamika sana nilipomnyima gliserini asubuhi ile, lakini chochote chenye mafuta chini ya rangi kitaibandua.

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike haya yote, nalo ni rangi yenyewe.

Siku ya kwanza bwawani nilimpaka kama bibi harusi. Hapa kwetu wateja hupenda uso uwe na nuru, kwa hiyo mkono wangu umezoea kuchagua rangi iliyo nyeupe kwa hatua moja kuliko ngozi. Kwenye kioo alikuwa mzuri mno. Mpiga picha akazama, akapiga, akaibuka, tukasogea kutazama kwenye kamera. Uso ulikuwa wa chokaa, wa kijivu, na midomo niliyoipaka nyekundu iliyoiva imekuwa kama imeumwa na baridi. Binti akaniambia taratibu, “Mama mdogo, huyu si mimi.” Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani.

Maji hula nyekundu kwanza, kisha ya chungwa. Buluu ndiyo husafiri mbali. Tena si kina peke yake kinachohesabiwa. Mwanga unashuka kutoka juu hadi usoni, halafu unatembea tena ndani ya maji kutoka usoni hadi kwenye kamera. Binti akiwa mita moja na nusu chini, na kamera ikiwa mita mbili mbele yake, mwanga wa jua umeshapita mita tatu na nusu za maji. Ngozi nyeusi uzuri wake uko kwenye joto lake, ile nyekundu na shaba iliyo chini ya weusi. Maji yanaliondoa joto hilo, na mimi kwa poda yangu nyeupe nilikuwa nimeyasaidia.

Mpiga picha alikuwa ametuonyesha kwenye simu picha iliyopigwa na Toni Frissell, mpiga picha wa Marekani, ya mwanamke anayeelea kwa gauni katika chemchemi ya Weeki Wachee, Florida, mwaka 1947. Ni picha nzuri kupita maelezo. Lakini ni nyeusi na nyeupe. Nyekundu haikuwa na pa kupotelea. Sisi tulitaka kitenge kionekane kitenge, na binti wa Bukavu aonekane binti wa Bukavu.

Siku ya pili nilifungua vidonge ambavyo sikuwahi kufikiri vingemgusa mwanamitindo: cha chungwa na cha matofali. Nikatandaza chungwa nyembamba uso mzima, shingo, mabega na mikono hadi vidoleni (shingo ikisahauliwa majini inaonekana ya mtu mwingine), juu yake rangi ya ngozi yake halisi bila kuongeza nuru, mashavuni matofali. Nje ya maji alikuwa kama aliyepigwa na vumbi la barabara. Mhudumu wa bwawa alitutazama kwa huruma. Mpiga picha naye akasogea karibu, urefu wa mkono tu, na flashi yake. Picha ilipotoka, binti alishika kamera kwa mikono miwili, hakusema kitu, akarudi majini mwenyewe.

Poda iacheni nyumbani. Inashika vipovu vya hewa vinavyong'aa kama vidonda vya fedha, na iliyozidi inaachia wingu mbele ya lenzi. Pambo za unga zinazometameta pia hapana: zinaelea, flashi inaziona kila moja, na zikiingia machoni ni hatari.

Kasoro za boksi hili zipo. Spiriti inachoma, kwa hiyo kwenye kope sikuligusa, nikatumia wanja na maskara za kawaida zisizoingia maji. Harufu inaumiza kichwa, fungueni madirisha. Na umeme ukikatika msiwashe mshumaa karibu, spiriti hudaka moto upesi. Sisi tulimalizia mabega kwa tochi ya simu. Kuondoa ni kazi ya nusu saa kwa mafuta ya nazi na kitambaa cha uvuguvugu, polepole. Ukisugua kwa haraka utaondoka na ngozi.

Kwa harusi sitalitumia, linakausha uso na halina ulaini wa kutazamwa kwa karibu. Kwa maji, dola 65 zimerudi kwa kazi hiyo moja. Kidonge cha chungwa kimebaki robo, wakati kijani na zambarau bado vina mng'ao wa dukani. Nikisikia mtu yuko Nairobi nitamwagiza chungwa viwili, wanauza kimoja kimoja, maana mshonaji ameshaanza kukata magauni mengine.