Kubadili maktaba programu ikiwa inakimbia: dlclose au Erlang?

Kwenye lugha ya C, dlclose, yaani funksheni ya kufunga maktaba (faili la msimbo ambalo programu hulipakia), haiahidi kuiondoa maktaba hiyo. Inapunguza tu hesabu ya wanaoitumia. Ikifika sifuri, ndipo inaweza kutolewa kwenye kumbukumbu. Na musl, mojawapo ya maktaba za msingi za C kwenye Linux, haiitoi kabisa. Hatari ni mabaki: pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) moja ikiendelea kuelekeza kwenye msimbo ulioondolewa, mwito unaofuata unaweza kuiangusha programu nzima, na kusaka chanzo ni kazi ngumu mno.

Lugha ya Erlang ilijengwa kwa ajili ya kazi hii. Huweka matoleo mawili ya moduli (kifungu cha msimbo), la zamani na jipya. Mchakato (kazi ndogo inayoendeshwa ndani ya programu) huhamia toleo jipya unapoita funksheni kwa jina kamili la moduli. Likija la tatu, michakato iliyong'ang'ania la zamani huuawa. Kwa huduma isiyoruhusiwa kuzimwa, nachagua Erlang bila kusita. Ukibaki na C, afadhali uiache maktaba ya zamani ikae, upakie mpya kwa jina jingine la faili.