Kijitabu cha haki ya kunyamaza: buku mbili halali, ila ukurasa wa 11 unapotosha

Kinauzwa shilingi 2,000 kwenye stationeri za Ngamiani, Tanga. Kurasa 16, karatasi nyepesi, pini mbili ambazo kwa hewa yetu ya bahari hazichelewi kushika kutu. Kazi yake ni kumweleza mtu wa kawaida kwamba halazimiki kujitia hatiani kwa mdomo wake.

Nusu ya kwanza ni nzuri kweli, maana inaanzia kituoni. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai kimefafanuliwa bila mbwembwe: askari ataje jina na cheo chake, akwambie uko chini ya ulinzi na kwa kosa gani, akuonye kuwa hulazimiki kujibu swali lolote isipokuwa la jina na anwani, na akujulishe unaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Hapo kwenye jina na anwani wamekoleza wino, na wamefanya vizuri.

Kurasa za muda ndizo bora. Aliye chini ya ulinzi huhojiwa ndani ya masaa manne, na nyongeza inaweza kufika masaa manane. Muda wa kusafirishwa bila kuhojiwa, tuseme kutoka Pangani hadi Tanga mjini, hauhesabiwi, wala wa kumsubiri wakili. Kuna kisanduku cha kujaza: ulikamatwa lini, mahojiano yalianza lini, yakaisha lini. Kijaze. Maelezo ya onyo, yaani yale unayoandikishwa polisi baada ya kuonywa, yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza halali huweza kuondolewa kwenye ushahidi, hata kwenye rufaa. Kasoro ndogo: wameandika "saa nne" tupu, na wapo watakaosoma saa nne asubuhi.

Kuhusu kusaini, maelekezo yanatosha. Usome au usomewe kwanza, urekebishe palipokosewa, ndipo saini au dole gumba.

Sasa ukurasa wa 11. Unasema ukinyamaza, kimya chako hakiwezi kutumika dhidi yako popote. Hayo ni ya sinema za Marekani. Kwetu, mahakama ikishaona kuna kesi ya kujibu, yaani ushahidi wa mashtaka unatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee, kifungu cha 231 cha sheria ileile kinampa mshtakiwa hiari ya kujitetea au kunyamaza, lakini akinyamaza mahakama inaruhusiwa kukichukulia kimya hicho dhidi yake, na upande wa mashtaka unaruhusiwa kukisemea. Kimya cha kituoni na kimya cha kizimbani si kitu kimoja. Mtu akiuamini ukurasa huu anaweza kuacha kujitetea kabisa akidhani yuko salama.

Lililosahaulika ni namna ya kuyapinga maelezo ya kukiri. Pingamizi hutolewa pale Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inapoomba yapokelewe kama kielelezo. Ukisema uliteswa au ulitishwa, mahakama husimamisha kesi kubwa na kuendesha ndogo ndani yake, na ni Jamhuri inayopaswa kuthibitisha kuwa ulikiri kwa hiari, kwa kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi. Ukingoja hadi zamu yako ya utetezi, utaambiwa umelifikiria baadaye. Na maelezo ya ungamo kwa mlinzi wa amani (mara nyingi hakimu wa mahakama ya mwanzo) yamepewa sentensi moja tu!

Namba zote ni za Toleo la 2022. Toleo la 2023 limesogeza vifungu kadhaa, kwa hiyo kabla ya kumtajia askari namba, muulize wakili au msaidizi wa kisheria.