Rezini ya jua kwa nyufa ndogo za ubao wa mawimbi: uzoefu wangu

Kwa muda sasa nimekuwa nikiziba mwenyewe nyufa na mibonyeo midogo ya ubao wangu wa kuteleza mawimbini kwa rezini ya poliesta, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, inayouzwa ikiwa tayari ndani ya tyubu. Rezini hii haichanganywi na dawa ya kugandishia, kwa sababu hugandishwa na miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua, na ile ninayotumia imetiwa nyuzi fupi za faibaglasi ili iwe nzito na ishike mahali ilipopakwa. Maelezo yaliyochapwa kwenye tyubu ni mafupi mno kwa mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii, na hayasemi bayana ni majeraha gani ya ubao yasiyofaa kutibiwa nayo.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba muda wa kazi unabaki mikononi mwangu. Rezini ya kawaida ikishachanganywa na matone ya dawa yake huanza kuganda kikombeni, uwe umemaliza kuipaka au hujamaliza. Hii hubaki laini kivulini, kwa hiyo naitandaza polepole, natoa mapovu ya hewa, nafuta iliyomwagika pembeni, kisha ndipo nautoa ubao juani. Jua likiwa kali, kiraka kidogo hukauka kwa dakika 3 hadi 5. Mawingu yakitanda, muda huongezeka sana. Kifuniko cha tyubu sharti kirudishwe mara moja, la sivyo mwanga utaigandisha rezini iliyo mdomoni.

Kabla ya kununua, ni lazima mtu ajue ubao wake umetengenezwa kwa nini. Zipo mbao zenye kiini cha povu la poliyurethani, ambazo kwa kawaida gamba lake ni la rezini ya poliesta, na zipo zenye kiini cha polistireni na gamba la epoksi. Aina hii ya pili ilienea zaidi baada ya kampuni ya Clark Foam ya Marekani, iliyokuwa ikiwauzia mafundi wengi viini vya poliyurethani, kufungwa ghafla Desemba 2005. Rezini ya poliesta huyeyusha polistireni, hivyo mwenye ubao wa aina hiyo akiimimina ufani atapata shimo kubwa kuliko alilokusudia kuziba. Ikiwa povu linaonekana, polistireni hutambulika kwa vichembe vya mviringo vilivyogandamana, ilhali poliyurethani ni laini na haina chembe kubwa. Iko pia rezini ya jua ya epoksi, ambayo haidhuru povu lolote kati ya haya mawili, nami ningemshauri mtu asiye na hakika anunue hiyo.

Sehemu inayoamua kama kiraka kitadumu huja kabla tyubu haijafunguliwa, nayo ni kuukausha ubao. Povu lililo chini ya ufa hunyonya maji kidogo kidogo kila ubao unapoingia baharini, na rezini ikipakwa juu ya povu bichi haishiki vizuri, huku maji yakifungiwa ndani ambako huligeuza povu rangi ya kahawia na kulitenganisha na gamba. Mimi husuuza mahali penye ufa kwa maji yasiyo na chumvi, kisha nausimamisha ubao ufa ukiwa upande wa chini ili maji yachuruzike, na nauacha kivulini penye upepo kwa siku kadhaa. Nikibonyeza kando ya ufa na unyevu bado unajitokeza, nangoja. Kuuanika juani ili ukauke haraka si busara, kwa maana hewa iliyomo ndani hutanuka kwa joto na kuweza kulibandua gamba.

Ukishakauka, nakata vipande vya gamba vilivyolegea kwa kisu, natanua ufa kidogo ili rezini ipate pa kuingia, na napiga msasa namba 80 kuuzunguka hadi mng’ao uondoke, kwani rezini haing’ang’anii uso unaoteleza. Nafuta vumbi kwa kitambaa chenye asetoni, ingawa asetoni nayo haifai kugusa polistireni iliyo wazi. Tepu ya karatasi huzungushiwa jeraha, na kwenye ukingo wa ubao nainyanyua kidogo iwe kizuizi cha rezini isitiririke. Rezini hupakwa ikizidi kimo cha ubao kwa kiasi kidogo tu, kisha hufunikwa kwa karatasi ya plastiki angavu. Plastiki hii ni ya lazima, kwa sababu poliesta inayoguswa na hewa wakati wa kuganda hubaki ikinata juu. Iliyokuja pamoja na tyubu yangu ilikuwa ndogo mno kwa ukingo wa ubao, ikabidi nikate nyingine.

Baada ya hapo hufuata misasa 120 na 220, halafu 400 na 600 kwa maji. Harufu ya rezini ni kali na vumbi lake si la kuvutwa puani, kwa hiyo glavu na barakoa si mapambo. Kiraka hutoka imara ila kina ukungu mweupe, jambo ambalo kwenye ubao mweupe halinisumbui lakini kwenye ubao wa rangi litaonekana daima.

Dosari yake kubwa ni kina. Mwanga haupenyi mbali ndani ya rezini yenye nyuzi, hivyo shimo linalozidi milimita chache hujazwa kwa matabaka, kila moja likigandishwa peke yake, na hapo ule wepesi wa kazi unapungua. Mibonyeo iliyosababishwa na magoti au visigino bila kupasua gamba siigusi kabisa, maana haipitishi maji. Kinyume chake, nyufa zinazozunguka kitako cha pezi, lile bapa la chini linaloongoza ubao, hubeba mzigo mzito kila ubao unapogeuzwa, na nyuzi fupi za tyubu haziwezi kuchukua nafasi ya kitambaa cha faibaglasi. Hapo nataka angalau tabaka moja la kitambaa cha gramu 135 hivi kwa mita ya mraba. Ufa unaokatiza ubao kutoka ukingo mmoja hadi mwingine naupeleka moja kwa moja kwa fundi.