Mtaala wa uandishi kwa mtoto mgumu wa kuandika: uzoefu wangu

Kwa namna unavyofundisha kuandika, naupa mtaala huu nyota nne kati ya tano. Kwa namna unavyojifanya hakuna somo jingine linalomtaka mtoto ashike penseli, naupa mbili.

Mwanangu ana miaka 10 na namsomesha nyumbani. Kuongea anaongea, mwulize habari za mafarao, utachoka wewe kwanza. Mpe daftari, ghafla ana kiu, mkono unamuuma, penseli haichongeki. Mtaala umetungwa kwa watoto wa aina hii, na kiini chake kizuri. Mtoto hapewi karatasi tupu akaambiwa atunge insha. Anapewa aya fupi, katika kila sentensi anachagua maneno matatu, anafunga kitabu, anasimulia kwa mdomo akifuata maneno yake, kisha ndipo anaandika. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasayansi Mmarekani wa karne ya 18, alijifunza hivyo ujanani: alisoma makala, akaandika dokezo fupi la kila sentensi, akaziweka kando siku chache, halafu akajaribu kuziandika upya na kulinganisha na zile za mwanzo. Ila Franklin hakuhitaji mama wa kumsukuma.

Shida ni wingi. Mtaala unataka aandike siku nne kwa wiki, tena juu ya mada zisizohusiana: leo pengwini, kesho volkano. Wakati huohuo kitabu cha historia kinataka majibu kwa sentensi kamili, sayansi inataka ripoti ya jaribio, na kila hadithi aliyoisoma inadaiwa muhtasari. Kila somo linaomba kidogo tu. Ukijumlisha, hata mtoto anayependa kuandika angenuna, na mwongozo wa mwalimu haugusi jambo hilo popote.

Kwa hiyo aya zao nimeziweka pembeni, nachukua za vitabu vyetu. Sura ya Misri ya kale ilitupa: Nile, hufurika, kiangazi, tope, jeusi, rutuba, wakulima, hupanda, baadaye. Hapo historia na uandishi vimekuwa kazi moja. Wiki ya historia, sayansi anaijibu kwa mdomo au kwa mchoro wenye majina ya sehemu; wiki inayofuata vinabadilishana zamu. Hadithi anasimulia tu. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki 1923, alilisisitiza sana hili: mtoto anayesimulia alichosomewa ameshakipanga kichwani, na masimulizi ya kuandika yanaweza kungoja hadi awe na miaka kama 10.

Ripoti ikiwa ndefu, yeye anasema, mimi naandika, kisha ananakili sehemu ya hitimisho. Najua wapo wazazi wanaouona huu ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo. Ripoti ya sayansi inapima kama ameelewa kwa nini maji yalipanda kwenye shina. Mwandiko una muda wake.

Sehemu niliyoipunguza bila huruma ni orodha ya kusahihishia. Kila aya lazima iwe na kielezi, kivumishi chenye nguvu, sentensi iliyoanza kwa namna fulani, na kadhalika. Mtoto mzito huishika orodha kama sheria, na siku moja nikasoma kwenye ripoti kwamba "kwa huzuni, siki ilichanganyika na magadi". Sasa anachagua pambo moja, na katika sayansi hachagui lolote.

Nunua kama uko tayari kuketi jioni kutafuta aya zako mwenyewe. Ukitaka kuufuata zoezi kwa zoezi unafaa pia, mradi uyafute maswali ya kuandika kwenye masomo mengine. Video zake sikuona faida. Kitabu cha mwalimu kinatosha.