TAHADHARI: Jamaa wa vifaa vya ADV (pikipiki za safari za porini) "mzigo wa Dubai" hapa Dar, soma kabla hujamtumia hela

Wakuu, hii iwafikie wote wenye mapikipiki ya kupiga vumbi hapa mjini, DR650, Ténéré, Himalayan, CRF, V-Strom, na hasa nyie mnaotafuta vifaa vya kuiandaa kwa ajili ya porini, tairi, shokapu, kinga ya injini, tenki kubwa, maana kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Insta anajiita wakala wa mzigo wa Dubai na kashaliza watu sio mmoja wala wawili, mimi nikiwemo.

Jina lake siliweki. Kwanza halina maana, ukurasa anabadilisha kila akishtukiwa na laini ya simu hivyo hivyo, leo anaitwa hivi kesho vile. Pili kesi iko polisi na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 mnaijua, sitaki igeuke mimi ndo nimemchafua mtu. Nitaeleza anavyopiga kazi, mkikutana nae mtamjua tu.

Anachokula jamaa ni uhaba. Boxer ikikata cheni saa tano asubuhi, saa sita umeshaipata Kariakoo na chenji inabaki, ila ukiwa na DR650 nenda kaulize tairi ya nyuma 120/90-17 yenye meno makubwa, utazunguka Gerezani mpaka jua lizame unaoneshwa za bodaboda tu. Mwenye 650 Dar ana kiu mda wote, akiona picha ya kitu anachokitafuta na mtu anasema "kipo stoo Tabata bosi wangu, kimebaki kimoja" akili inahama. Na jamaa anakijua vizuri hicho kiu, ndo maana kila kitu kwake "kimebaki kimoja".

Mimi nilichukua tairi jozi, mbele 90/90-21 na hiyo ya nyuma. Zilikuja kweli, na bajaji, zimefungwa nailoni, nyeusi zinang'aa mpaka unajiona, na zina vile vinywele vya mpira vya tairi mpya. Laki tano na nusu. Nikafungisha, nikavuka na kivuko Magogoni, nikaenda zangu njia ya Kimbiji kwenye mchanga, safi kabisa, sina neno. Shida ya mchanga ni kwamba hauwezi kukwambia tairi ni mbovu, kwenye mchanga kila kitu kinateleza hata tairi ya milioni, unaona ndo kawaida. Lami yenye mvua ndo inasema ukweli. Siku narudi kutoka Mkuranga, Kilwa Road imelowa, nimegusa breki ya nyuma kidogo tu nyuma ya daladala, mkia ukahama mpaka nikawa naangaliana na kondakta. Mwendo wenyewe wa kawaida, hata arobaini haifiki.

Nyumbani nikazikagua taratibu. Tairi nyingi, pembeni kuna maandishi yanaanza na DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne peke yake, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya nyuma hapo kwenye namba pamesuguliwa na msasa, laini kama kioo, halafu pakapakwa ile dawa ya kung'arisha. Ya mbele walisahau au walichoka, sijui, imeandikwa 3611. Wiki ya 36, 2011. Hiyo tairi ilitengenezwa kabla hata Daraja la Kigamboni halijaanza kupitisha magari. Ukibonyeza kwa kucha haiingii, na ukilipinda jino moja kwa kidole unaona nyufa nyembamba zimezunguka chini kwenye shina lake. Kabla yangu ilikuwa haijawahi kutembea ndio, vinywele vilikuwepo, mpya kwa kutotumika, ila mpira umeshakufa stoo zamani, na kibaya zaidi ni kwamba ukiiangalia juu juu huwezi kuitofautisha.

Nikampigia. Hakukataa wala hakufoka, alikuwa mpole kweli, "kaka pole sana, huo mzigo umetoka vibaya kiwandani, nitakubadilishia, niongezee tu laki moja na nusu ya zile gredi A". Hapo ndo nikaelewa huyu sio muuzaji aliyekosea mzigo. Nilipokataa akaniblok.

Sasa ya mshkaji wangu ndo kiboko. Yeye ni mtu mzito, kilo mia na kitu, na wenye DR mnajua springi zake za kiwandani zilivyo laini, akipita tuta inagonga mpaka chini. Akauziwa shokapu ya nyuma "Öhlins orijino, imetumika kidogo Ulaya", springi ya njano kama zilivyo za hiyo kampuni ya Öhlins, milioni moja na laki mbili. Tumeenda kwa fundi wetu Ilala kuifunga, fundi akalowesha kitambaa na petroli afute grisi kabla hajaishika vizuri, kitambaa kikatoka cha njano. Akafuta tena, njano. Chini yake nyeusi ya zamani na kutu kwenye mizunguko miwili ya chini, na kwenye ile stiki ya kati kuna oili imeganda na vumbi, maana yake sili ilishakufa. Fundi hata hakucheka, akaitoa ile ya DR yenyewe akaiweka chini pembeni yake. Zinafanana kila kitu, mpaka tundu za bolti. Mshkaji kauziwa shokapu ile ile ya kiwandani ya DR nyingine chakavu, imeoga rangi ya kopo ya elfu saba.

Na hapa ndo kuna kitu nataka mkishike. Mtu anayejua shokapu hawezi kukuuzia bila kukuuliza uzito wako. Haiwezekani. Springi inachaguliwa kwa kilo za dereva, mizigo anayobeba na njia anazopita, ndo maana ukiwaandikia wauzaji wa kweli wa nje swali la kwanza ni una kilo ngapi ukiwa na buti na helmeti. Ukiwa mwepesi na springi ngumu pikipiki inakurusha, ukiwa mzito na laini inazama. Mshkaji alimwandikia huyu tapeli meseji ndefu kweli anajieleza, jibu lilikuwa "inakaa bosi wangu, utume saa ngapi?". Nimepitia skrinshoti za wengine waliopigwa, hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa swali la kifundi. Hakuulizi pikipiki ya mwaka gani, hakuulizi cheni namba ngapi, hakuulizi kama una tyubu nene au za kawaida. Swali lake ni moja tu, hela.

Kwahiyo nimeanza kuwaambia watu wamtegee. Mwenye DR650 muulize hivi, "mkuu zile skrubu mbili za sensa ya niutro mnazifungaje?". Aliyewahi kuishi na hiyo pikipiki anajua unaongelea nini, ni sensa inayoonesha kama gia iko huru, na zile skrubu ziko ndani upande wa klachi nyuma ya basketi, zinajulikana dunia nzima kwa kulegea na kudondokea ndani ya injini, ni kitu cha kwanza kukagua ukiinunua kabla hata hujafikiria taa na mabegi. Kuna mtu alimuuliza juzi, akajibiwa "hiyo modeli haina skrubu, ni ya umeme". Haya.

Cheni nazo anauza. Boksi limeandikwa D.I.D 525, kadi nzuri, plastiki nzuri. DR inatumia saizi ya 525 kweli kwahiyo mtu unaona sawa. Toa cheni kwenye boksi hapo hapo mbele yake. Cheni ya kweli ina jina na namba imegongwa kwenye visahani vya pembeni, sio kwenye boksi tu, na kama ni ya oringi utaona vipete vya mpira kati ya visahani, vigusie na kucha. Hii ya jamaa visahani vitupu, na kuna mdau aliletewa cheni ndani ya boksi la 525 kumbe ni 520, urefu wa pini kwa pini ni sawa kwahiyo ukiipima kwa macho inadanganya, ila kwa ndani ni nyembamba, meno ya sproketi ya 525 hayaingii. Fundi wake alitaka kuyasaga meno yaingie! Bora alimzuia. Cheni ikikatika ukiwa kwenye mwendo inaweza kujikunja mbele ikapasua kasha la injini, hapo huongelei tena laki, unaongelea injini.

Kinga ya injini yake ni bati limekunjwa na kupigwa rangi ya fedha, anasema aluminiamu milimita nne. Nenda na sumaku. Ikinasa sio aluminiamu, imeisha hiyo.

Mchezo wake mwingine ni kwa vitu vikubwa, tenki la lita ishirini na rimu, na hata pikipiki nzima. Hapa haleti hata bovu, haleti kabisa. Unatuma advansi nusu, baada ya wiki anakutumia picha ya kontena, halafu anakwambia mzigo umekwama bandarini TRA wanataka ushuru, tuma laki nne haraka leo leo kabla ya saa kumi usije kuanza kuhesabiwa gharama za stoo. Na anakupa namba ya simu ya "afisa". Wakuu, kodi ya serikali inalipwa kwa kontroli namba, ukiiingiza kwenye simu inakuletea jina la taasisi, hakuna afisa wa TRA anayepokea ushuru kwenye laini yake ya simu. Akikwambia hivyo hata usibishane nae.

Kwenye pikipiki nzima anasema ni za mradi, zilikuwa na namba za DFP (za miradi ya wafadhili), wazungu wameondoka zinauzwa kwa bei ya kutupa. Pikipiki za namna hiyo zipo kweli na zinauzwa kihalali, ila ziliingia kwa msamaha wa kodi, ikihamia kwa mtu binafsi kodi inabidi ilipwe ndo ubadilishe umiliki. Kama hana karatasi za hiyo kodi utakuwa na chuma uani isiyo na kadi yako. Na soma namba ya chesisi kwenye chuma yenyewe, pale shingoni kwenye usukani, ulinganishe na kadi herufi kwa herufi, usikubali ya picha.

Picha zake nazo, zipitishe Google Lens. Shokapu ya mshkaji tumeikuta kwenye tangazo la mtu wa Ujerumani. Ukitaka uhakika mwambie apige video hapo hapo kaandika jina lako kwenye karatasi kaliweka juu ya kifaa. Kwangu alisema simu yake kamera imeharibika, huyo huyo anaposti stori kumi kwa siku.

Kwa waliokwisha kutuma. Kama ni leo, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hii, hela ikiwa bado haijatolewa kuna uwezekano wa kuzuiwa, ikishatolewa kwa wakala ndo basi tena. Namba yake itume 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Usifute chati hata ukiwa na hasira, na nenda kituo cha polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), kosa lenyewe linaitwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, usikubali kuambiwa ni madai mkamalizane nje. Vitu bandia kama hizo cheni kuna Tume ya Ushindani, FCC, wana ofisi hapa hapa Dar, wapelekee na boksi lake. Mpelelezi wetu alisema akipata malalamiko ya watu kadhaa yenye laini tofauti ila sauti na mtindo mmoja inakuwa rahisi kuunganisha, mmoja mmoja faili linakaa tu.

Mara ya mwisho nimemwona anauza "seti kamili ya rali" ya Ténéré 700, taa, mnara wa mbele na yote, kwa bei ambayo hata usafirishaji peke yake haitoshi. Picha za stoo ni zile zile, ukuta wa tofali haujapigwa plasta na kuna pipa la bluu kushoto. Mwenye muamala uliomtumia mwezi huu au uliopita anicheki inbox na skrinshoti yenye jina lililotokea kwenye laini, Jumatatu tunapeleka kwa pamoja.